Kipenyo cha Tundu

Kwenye kabati la vioo la duka la kamera, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Dubai, bodi hupangwa mbele na lenzi hukaa rafu ya nyuma. Juu ya boksi kumeandikwa tarakimu kubwa: megapikseli 24, 33, 45. Muuzaji akiulizwa ni kamera gani inamfaa mtu anayepiga picha kwa mapenzi yake tu, safarini na nyumbani, hutaja bodi na bei yake, kisha lenzi huja kama bakshishi, mara nyingi ile ndogo ya plastiki inayotoka kiwandani pamoja na kamera. Mnunuzi huondoka na bodi ya fedha nyingi na lenzi ya fedha kidogo. Akirudi kutoka mbugani hushangaa kwa nini simba wake ni doa la rangi ya kaki katikati ya majani ya kaki. Kosa limeanzia kwenye mpangilio wa lile kabati. Kamera ya safari huchaguliwa kuanzia mbele kurudi nyuma: kwanza umbali wa kinachopigwa na mwanga uliopo, kisha ukubwa wa tundu ambalo mwanga huo utapitia, kisha uzito ambao bega litaukubali kutwa nzima. Maswali hayo yakishajibiwa, bodi hujitaja yenyewe.

Tuanze na umbali, maana hesabu yake haina siasa. Katika hifadhi za taifa za Tanzania na Kenya gari hutakiwa lisiache njia, na mnyama hana habari na njia. Akilala mita 50 kutoka barabarani, atapigwa akiwa mita 50. Kwa umbali huo, lenzi ya milimita 400 kwenye kihisi cha fremu kamili, chenye upana wa milimita 36, huona kipande cha upana wa mita nne na nusu. Simba wa mita 2 anachukua karibu nusu ya picha, na sharubu zake zinahesabika. Lenzi ya milimita 50, ile inayosifiwa kwamba huona kama jicho, huona upana wa mita 36. Lenzi kuu ya simu janja, ambayo kwa kawaida ni sawa na milimita 24 hivi, huona zaidi ya mita 70. Kwenye picha ya simu ya megapikseli 12, yenye pikseli 4,000 kwa upana, simba yule anaambulia pikseli kama 110 kuanzia puani hadi shina la mkia. Alama ya programu kwenye skrini ya simu nyingi za leo ina pikseli nyingi kuliko hizo.

Watetezi wa simu wana majibu mawili, na yote yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba simu za bei ya juu zina lenzi nyingine ya kuvuta, mara tatu au mara tano. Ni kweli, ila mara tano ya milimita 24 ni 120, na mbugani 120 ni lenzi ya tembo aliyekuja mwenyewe hadi mlangoni mwa gari. La pili ni kwamba kihisi chenye megapikseli nyingi huruhusu kukata picha baadaye na kubaki na kipande unachokitaka. Hili nalo lina ukweli wenye mpaka: picha ya megapikseli 24 ikikatwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu hubaki na megapikseli 6, zinazotosha skrini. Lakini kukata hakuongezi mwanga hata chembe. Mwanga uliotoka kwa simba ukapita kwenye tundu ni uleule. Kilichofanyika ni kutupa majani yaliyomzunguka. Na tundu la kamera kuu ya simu lina kipenyo cha milimita 4 au 5, dogo kuliko mboni ya jicho lako usiku.

Hata hivyo simu isidharauliwe. Mtu ambaye safari zake ni ufukwe wa Nungwi, harusi ya binamu na sahani ya pilau mchana kweupe hana haja ya kununua chochote, na atakayemwambia vinginevyo anamuuzia. Viwanda vyenyewe vinalijua hilo: mwaka 2010 chama cha watengenezaji kamera cha Japani kilihesabu kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120 zilizopelekwa sokoni, na mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Zilizotoweka kwa wingi ni zile ndogo za mfukoni, ambazo tundu lao halikuwa kubwa vya kutosha kuzitofautisha na simu. Zilizobaki sokoni ni zile zinazofanya kazi ambayo simu haiiwezi, yaani kufikia mbali au kuona gizani. Mnunuzi wa leo afuate mantiki hiyohiyo: anunue tundu ambalo simu yake haina, au asinunue.

Sasa mwanga. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na husifu ile saa ya dhahabu baada ya jua kuchomoza na kabla halijazama. Huku kwetu si saa. Karibu na ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 6, ambapo vivuli bado ni virefu na manyoya ya simba bado yanang'aa kwa pembeni, ni dakika 25 hivi. London mwezi Juni safari hiyohiyo ya jua huchukua kama dakika 50. Baada ya hapo Serengeti hupata mwanga mkali wa kutoka juu unaowatia wanyama vivuli vyeusi machoni, na chui, ambaye ndiye watu wamelipia kumwona, huwa amekwishapanda mtini kulala. Maana yake ni kwamba muda wenye picha ni mfupi, unakuja na kiza chake, na lenzi ya kiwandani yenye tundu jembamba hushindwa katika muda huohuo ambao msafiri ameamka saa kumi na moja alfajiri kuufuata.

Kiasi gani cha kiza? Wapigapicha wa filamu walikuwa na kanuni: penye jua kali, f/16, na kasi ya shata iwe moja chini ya namba ya ISO. Kwa kanuni hiyo, lenzi ya f/11 saa sita mchana, ISO 400, hupata kasi ya 1/800 ya sekunde, inayotosha swala anayetembea na kubaki. Alfajiri, kabla jua halijatokeza, mwanga huwa pungufu mara 30 au zaidi. Lenzi ileile na ISO ileile hushuka hadi kama 1/27 ya sekunde. Mfumo wa kutuliza mtikisiko utazuia kutetemeka kwa mikono yako, lakini hauna la kumfanya duma asigeuze shingo. Ukipandisha ISO hadi 12,800 kasi inarudi, na chenga zinaingia. Ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo maboksi ya dukani hulificha.

Namba ya f si ukubwa wa tundu. Ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, na kipenyo hicho, kwa milimita, hakiandikwi popote kwenye boksi. Tukitafute sisi, kwa vifaa vinne vinavyouzwa kama vitu visivyolingana kabisa. Panasonic 100-300 ya mfumo wa Micro Four Thirds, yenye uzito wa gramu 520, ikivutwa hadi mwisho ni f/5.6: 300 kugawanya kwa 5.6 ni milimita 54. Canon RF 600 ya f/11, ya fremu kamili, gramu 930: milimita 55. Canon RF 100-400, gramu 635, mwisho wake f/8, ikivikwa kwenye bodi yenye kihisi cha APS-C: milimita 50. Sony RX10 IV, kamera nzima isiyobadilishwa lenzi, yenye kihisi cha inchi moja na uzito wa kilo 1.1, mwisho wake ni milimita 220 kwa f/4: milimita 55. Zote nne huona kipande kilekile cha mbuga, sawa na milimita 600 za fremu kamili au zaidi kidogo. Vihisi vinne vya ukubwa tofauti, namba za f kuanzia 4 hadi 11, mabishano ya miaka kati ya wenye mfumo huu na wenye mfumo ule. Na tundu ni moja. Kwa simba mmoja, umbali mmoja na kasi moja ya shata, zote hupokea kutoka kwake mwanga wa karibu kiasi kimoja, na chenga zake zitatofautiana kidogo tu, kadiri ya umri na ubora wa kihisi.

Ukishaiona hesabu hiyo, maswali ya dukani hubadilika. Badala ya kuuliza kihisi kipi ni kikubwa, uliza nani anakubebea milimita 54 kwa uzito na usumbufu mdogo zaidi. Ile ya Sony haifunguliwi mbele ya vumbi la Amboseli, na huanzia upana wa milimita 24 hadi 600 bila kubadilisha kitu. Kwa familia inayokwenda mbugani mara moja kwa miaka miwili, naiona ndiyo jibu lenye akili kuliko yote, ingawa wenye maringo huiita kamera ya watalii. Ile ya Panasonic ndiyo nyepesi, na bodi zake pia ni ndogo. RF 600 ni ndefu, haina zumu, na tundu lake halibadiliki, lakini bodi utakayoifunga huenda ukaihitaji kwa kazi nyingine. Uzito nao si suala la starehe tu. Ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya udongo vya Serengeti na Maasai Mara kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, begi la mkononi likiwemo, na betri za akiba za lithiamu lazima zikae humohumo kwenye begi la mkononi.

Mpenzi wa wanyama aliyekolea atasema milimita 54 hazitoshi, na ana haki. Lenzi za milimita 600 za f/4, zile ndefu kama bomba zinazoonekana juu ya paa la gari la wataalamu, zina tundu la milimita 150, na hupokea mwanga mara saba na nusu ya zile nne. Alfajiri yetu ya ISO 12,800 inakuwa 1,700, na hiyo ni tofauti ambayo hata asiye mpigapicha ataiona. Bei yake ni uzito wa kilo 3 na fedha: ile ya Sony ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa karibu dola 13,000. Kati ya hizo na zile ndogo kuna daraja la lenzi za kilo 2 hivi, kama Sigma 150-600 na Nikon 200-500 ya f/5.6, zenye matundu ya milimita 90 na zaidi. Lenzi hizi huhitaji kulazwa juu ya mfuko wa maharage ukingoni mwa paa la gari, maana mkono hauziwezi kwa zaidi ya dakika chache. (Mfuko husafiri mtupu, maharage hununuliwa Arusha.) Hilo ndilo daraja ambalo mpenzi wa kweli anaweza kulifikia kwa lenzi iliyotumika, na anayekwenda safari moja tu ya maisha anaweza kulikodi.

Zipo hoja za fremu kamili ambazo hesabu ya tundu haizifuti. Kwenye lenzi fupi, kihisi kikubwa ndicho kinachoruhusu tundu kubwa kwa bei ya kawaida. Canon 50 ya f/1.8, lenzi ya gramu 160 ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, ina tundu la milimita 28; ili Micro Four Thirds iifikie ingehitaji milimita 25 ya f/0.9. Kwa hiyo anayepiga watu ndani ya nyumba, ngoma za usiku au bibi harusi ukumbini chini ya taa za rangi, anafaidi fremu kamili, tena bila kubeba mzigo. Pia kihisi kikubwa kikifanya kazi kwenye ISO ya chini huhifadhi tofauti kubwa zaidi kati ya weupe na kiza. Mtazame mzee aliyesimama kwenye baraza ya Mji Mkongwe saa saba mchana, ngozi nyeusi, kanzu nyeupe, nyuma yake mlango wa mti wenye nakshi ulio nusu kivulini. Mita ya kamera huidhania dunia kuwa kijivu. Ikiipimia kanzu, uso unazama. Ikiupimia uso, kanzu inaungua na kofia yake ya kutarizi inapoteza matundu. Dawa ni kupimia kanzu na kuuinua uso baadaye kutoka kwenye faili ghafi, na hapo kihisi kikubwa huinua uso bila chenga pale ambapo kidogo hutoa rangi ya tope.

Ila fremu kamili isigeuzwe kuwa cheo. Kipimo hicho cha milimita 36 kwa 24 kilizaliwa kama kitu kidogo. Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz alitumia filamu ya sinema kutengeneza kamera ya kuwekwa mfukoni kwa sababu hakutaka tena kubeba sanduku na sahani za vioo milimani, naye afya yake haikuwa nzuri. Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925, studio nyingi ziliona picha ndogo namna ile haiwezi kuwa kazi ya maana. Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kamera hiyo na lenzi ya milimita 50, akitembea mitaani bila watu kumjali. Kilichomsaidia ni kupita bila kuonekana, na hicho bado ndicho kipimo mjini. Kwenye vichochoro vya Lamu, ambako punda aliyebeba matofali akipita wewe hujibanza ukutani, lenzi ya milimita 35 ni nyingi na ya 600 ni kichekesho. Kamera ndogo yenye lenzi moja ya f/2 humruhusu mtu aombe ruhusa, apige, na aendelee na mazungumzo. Lenzi kubwa ikielekezwa usoni kwa mtu asiyekujua ni kama kidole.

Usiku Forodhani ndipo simu na kamera huachana tena. Simu hupiga picha nyingi kwa mfululizo na kuziunganisha, na kwa bahari, majengo na rafiki aliyetulia matokeo yake ni ya kustaajabisha kweli. Lakini mkono wa mpishi anayekunja chapati ya Zanzibar pizza juu ya bati la moto hausubiri picha nyingi. Programu ya simu hupata mikono mitatu ya ukungu au huchagua mmoja na kuupaka laini kama nta. Lenzi ya milimita 35 ya f/1.8, tundu milimita 19, huukamata mkono kwa 1/125 pamoja na unga ulio kwenye vidole.

Kuna wanaoikataa hesabu yote hii kwa sentensi moja: picha hupigwa na mtu, si kamera. Nakubaliana nayo mchana, mjini, na mbele ya mtu aliyekaa. Jicho ndilo linalojua lini mzee atacheka na wapi pa kusimama ili mlango usimtoke kichwani. Lakini jicho haliwezi kumvuta duma kutoka mita 80, wala kuongeza mwanga saa kumi na mbili asubuhi. Sentensi hiyo hupendwa zaidi na watu ambao tayari wana lenzi nzuri. Kinyume chake pia hushindwa: bodi ya megapikseli 45 haimfanyii chochote anayechapisha picha ya A4, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji megapikseli 9 tu, au anayezitazama kwenye televisheni ya 4K yenye megapikseli 8. Nikon D700 ya mwaka 2008, yenye megapikseli 12, bado inavikidhi vipimo vyote viwili.

Na hilo ndilo linaloufanya wakati huu uwe mzuri kwa mwenye mfuko wa kawaida. Canon na Nikon zilihamia mifumo mipya isiyo na kioo, RF na Z, mwaka 2018, na watu waliohama wameuza kamera zao za kioo na lenzi zake. Bodi ya zamani kidogo na lenzi yenye tundu kubwa hupatikana kwa bei ya bodi mpya peke yake, na kamera ya kioo hula betri polepole, faida kubwa kwenye kambi inayowasha umeme saa chache. Mtego upo kwenye ulinganifu. Lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota ndani hazitajifokasi zenyewe kwenye bodi ndogo za D3000 na D5000 wala kwenye adapta ya FTZ, na muuzaji hatakwambia usipouliza.

Mtego mwingine ni hewa yetu wenyewe. Lenzi iliyolala miaka kabatini Tanga au Mombasa imevuta unyevu wa bahari, na unyevu huotesha kuvu kati ya vioo. Nyumbani, ihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika. Mchele unaoshauriwa na wengi uache jikoni, maana vumbi lake huingia kwenye zumu. Dukani, omba lenzi bila bodi, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari, ukiizungusha polepole. Punje mbili tatu za vumbi si neno. Ukiona nyuzi nyembamba zimetambaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na ikishakula utandu wa kioo hakuna fundi wa kuurudisha. Muuzaji atashusha bei. Irudishe kabatini.